Marehemu wa Nafasi ya Kumi na Saba

Mgeni aliingia ofisini kwetu saa kumi kamili jioni, saa ambayo katika nchi yetu hakuna mtu anayetembea. Kengele ya glasi ilikuwa imeshalia. Watumishi wote wa Taasisi ya Taifa ya Takwimu za Afya tulikuwa tumesimama kando ya meza zetu, glasi mkononi, tukisubiri redio imalize wimbo wa afya ili tunywe. Kanuni inakataza kutembea, kukohoa na kuwa na mashaka kuanzia kengele ya kwanza hadi ya pili. Mama yule akatembea. Alipita katikati yetu na raba zake, akasoma vibao vya majina mezani kimoja kimoja, akafika kwangu, akavuta kiti cha wageni na kuketi. Akaweka mezani kadi ishirini na mbili zilizofungwa kwa kipande cha bendeji.

"Wewe ndiye Eliakimu Songoro?"

Nilimeza glasi yangu haraka, nikaitika kwamba ndimi.

"Wewe ndiye uliyemwandika mume wangu ubaoni. Nimekuja kukuona sura."

Kwa faida ya wasomaji wa nchi nyingine, ambako huenda mambo haya hayajafika, naomba nieleze kwanza tulivyofikia hapo.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita, Mheshimiwa Dakta Bonaventura Makole, Waziri wa Afya na Viwanda vya Vinywaji, alirudi safarini na habari njema. Alisema wataalamu wa huko alikotoka wamethibitisha kwamba anayekunywa kilevi kwa kiasi ana moyo imara na huishi miaka mingi kuliko asiyekunywa kabisa. Bahati ilikuwa upande wetu, kwa sababu maghala ya Kiwanda cha Taifa yalikuwa yamejaa mvinyo wa ndizi ambao wananchi, kwa kukosa elimu, walikuwa wameukataa. Ikapitishwa sheria. Kila mtu mzima anywe glasi moja saa kumi jioni, na kadi yake igongwe muhuri.

Wapo waliouliza kiasi ni kiasi gani. Serikali ikajibu wazi kuwa kiasi ni glasi moja, na ukubwa wa glasi utategemea cheo. Glasi ya mhudumu inalingana na kikombe cha kahawa. Ya mkurugenzi ni kama kopo la kuchotea maji. Ya Mheshimiwa Waziri ilibebwa na watu wawili. Lakini ilikuwa moja, na hakuna aliyeweza kumshtaki kwamba amezidisha.

Kwa mtu huru njia ya kutokunywa ilikuwa moja tu, nayo ni Cheti cha Msamaha wa Glasi, kilichoanzishwa miaka sita iliyopita. Hicho hutolewa na jopo la madaktari watatu wakiridhika kwamba glasi itakumaliza. Sharti uwe unatapika damu, au tumbo limejaa maji, au huwezi tena kumeza. Wazima wote hunywa. Wanaoacha ni wale tu ambao ugonjwa umeshawashika kooni.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimehitimu shahada ya takwimu kwa daraja la kwanza, nina umri wa miaka ishirini na minne, na nilitamani sana kuokoa watu. Nilipewa kazi ya kulinganisha. Safu A, wanaokunywa. Safu B, wasiokunywa. Nikahesabu vifo. Wa safu A waliendelea na maisha yao, na wa safu B walikufa kama kuku wa kideri, tisa kati ya kumi ndani ya miaka miwili. Nilichora grafu. Mheshimiwa aliibusu mbele ya kamera, nami nililia kwa furaha.

Kutokana na grafu ile zilizaliwa kanuni mbili. Ya kwanza ilianzisha Ubao wa Wazembe wa Afya, mmoja kila wilaya, wenye majina arobaini ya waliokufa kwa kukosa glasi. Nafasi haiachwi wazi hata siku moja, maana nafasi wazi ingeonyesha kwamba kampeni imelegea. Ya pili ilisema kwamba, kwa kuwa tisa kati ya kumi hufa ndani ya miaka miwili, na kwa kuwa tisa ikisogezwa kidogo ni kumi, basi mwenye cheti cha zaidi ya miaka miwili ahesabiwe amefariki bila kuhitaji mwili. Kanuni hii ya pili niliiandika mimi mwenyewe. Nilifikiri inawapunguzia wafiwa usumbufu wa kuja kutoa taarifa.

*

Mama yule aliitwa Bi Tunsume, mkunga wa zahanati ya Wilaya ya Saba. Mume wake, Mwalimu Ambakisye, alifundisha jiografia, na kwa miaka ishirini na mbili hakukosa glasi hata siku ya harusi ya dada yake. Kadi zilikuwa ushahidi, muhuri kwa muhuri. Mwaka wa ishirini na tatu alianza kusema ugali unamkwama. Kisha uji. Kisha mate yake mwenyewe. Jopo likakuta saratani ya koo, likampa cheti, na wiki saba baadaye akafariki.

Kwa kuwa siku ya kufa alikuwa na cheti, nilimwingiza safu B. Ubao wa Wilaya ya Saba uko uwanjani mbele ya taasisi yetu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa brashi. Nafasi ya kumi na saba ilikuwa imefunguka asubuhi hiyo. Nikaandika kwa rangi nyeupe: AMBAKISYE, MWALIMU. ALIKATAA GLASI.

Tangu siku hiyo wajawazito walimkwepa mke wake. Mtu akiona mkewe ameshikwa na uchungu, alipita mlangoni kwa Bi Tunsume bila kugeuza shingo na kwenda mpaka Wilaya ya Sita, asije mtoto akapokewa na mikono ya nyumba ya mzembe. Juma lililopita mtoto mmoja alizaliwa njiani na hakulia.

"Yule ningemliza," alisema, akiitazama mikono yake juu ya meza yangu. "Sisemi glasi ndiyo iliyomuua mume wangu. Mimi nazalisha, sijui mambo ya koo. Ninachosema ni kwamba hakufa kwa kukosa glasi. Wiki saba, mwanangu. Wiki saba mbele ya miaka ishirini na mbili. Huko chuoni hawakukufundisha kulinganisha?"

Nilifungua jedwali langu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Niliuliza watu wa safu B walitoka wapi. Wote mia nne na kumi na wawili walitoka safu A. Kila mmoja alikuwa mnywaji mtiifu hadi siku alipougua asiweze tena. Nilikuwa nimewalinganisha watu wanaotembea na watu wanaobebwa kwenye machela, nikahitimisha kwamba machela inaua.

Nilimwahidi kwamba kabla ya saa kumi ya Jumatatu jina la Mwalimu litakuwa limetoka ubaoni, na halitarudi.

"Usiniahidi kwa sababu unanionea huruma," alisema. "Huruma nimeletewa nyingi na majirani, na sahani zao zote nimeshazirudisha."

Nikamjibu kwamba si huruma. Ilikuwa huruma, ila nilijitahidi isionekane.

*

Sikuwa na wasiwasi. Niliamini kwamba viongozi wetu walikosa taarifa tu, na kwamba wakionyeshwa kosa watafurahi, kama mtu anavyofurahi ukimwambia kuna nge kwenye kiatu chake.

Ili niende na ushahidi kamili nilitafuta watu wazima wasiokunywa ambao si wagonjwa. Katika nchi nzima niliwapata mahali pamoja, Gereza Kuu. Wafungwa hunyimwa glasi kama sehemu ya adhabu. Nilichukua wafungwa mia sita, nikawalinganisha na watu wa nje wa umri uleule, nikatoa kila kinachoweza kudanganya. Mioyo ya wafungwa ilikuwa sawa na mioyo ya wanywaji. Kuhusu saratani ya koo, maini, na matiti kwa wanawake, wafungwa walikuwa na nafuu. Niliitafuta faida ya glasi kila kona ya jedwali, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, na sikuiona.

Mheshimiwa alinipokea vizuri. Glasi yake ililetwa kwenye toroli, naye akainywa mbele yangu kwa mafunda makubwa bila kukunja uso. Chumba kilinukia ukwaju. Nilidhani huo ndio mvinyo wa daraja la mawaziri. Nyuma ya kiti chake alisimama Naibu Waziri Kahindi, mtu mwembamba aliyesimama hapo kwa miaka tisa.

Mheshimiwa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kijana, umegundua jambo kubwa kuliko unavyojua. Gereza lina faida za kiafya ambazo serikali haikuwa imezitambua."

Papo hapo akamwagiza katibu wake aandike mpango wa kuwapeleka watumishi wa umma Gereza Kuu kwa mapumziko ya afya, wakitangulia wale wenye malalamiko. Nilimshukuru, nikamkumbusha habari ya Mwalimu Ambakisye.

"Mwalimu huyo akiwa hai alifundisha darasa moja," alisema. "Sasa yuko ubaoni anafundisha wilaya nzima. Kwa nini unataka kumshusha cheo?"

Akacheka. Naibu Waziri Kahindi akacheka baada yake, kwa tofauti ya sekunde moja, kama itifaki inavyotaka.

Mimi ni mtu mpole. Nikiona siafu barabarani huruka nisiwakanyage, wala si kwa kuogopa kuumwa. Lakini nikishuka ngazi za wizara nilikuta kwamba nataka kitu ambacho sikuwahi kukitaka maishani. Nilitaka mtu yule alishwe kanuni zake, moja baada ya nyingine, bila maji ya kuteremshia.

*

Kanuni ya Kosa la Safu inamruhusu mtakwimu wa wilaya kufuta jina lililoingizwa safu isiyo yake. Mwalimu alikunywa miaka ishirini na mbili. Safu yake ni A. Hapo hapakuwa na ubishi. Tatizo ni kwamba siku hiyohiyo nafasi lazima ijazwe, na kwa kosa la safu wa kuijaza si marehemu mpya, ni marehemu wa wilaya hiyo mwenye cheti cha namba ya chini kabisa ambaye bado hajapata nafasi.

Jumapili niliteremka kwenye chumba cha majalada. Jalada la Wilaya ya Saba lilikuwa na vumbi upande wa namba za juu, na safi kabisa upande wa namba za chini. Cheti namba 0001 kilitolewa miaka sita iliyopita. Ugonjwa: ini. Maelezo ya jopo: asiguse kilevi, hata funda moja linaweza kumuua. Jina: Bonaventura Makole. Vilivyofuata, hadi namba 0030, vilikuwa vya watu ambao nchi nzima inawafahamu kutoka kwenye picha ya Baraza la Mawaziri, na vimepangwa hivyohivyo walivyoketi.

Nikasoma tena kanuni yangu mwenyewe. Cheti cha zaidi ya miaka miwili, ahesabiwe amefariki bila kuhitaji mwili. Kwa hesabu hiyo Mheshimiwa alikuwa amekufa miaka minne iliyopita na hakuna aliyemwambia.

Jumatatu asubuhi nilichukua kitambaa na mafuta ya taa, nikamfuta Mwalimu taratibu mpaka ubao ukawa mweusi. Juu yake nikaandika: MAKOLE, WAZIRI. ALIKATAA GLASI.

*

Wa kwanza kuamini ubao alikuwa Naibu Waziri Kahindi. Saa tatu asubuhi alikuwa amevaa suti nyeusi ambayo, kwa bahati, ilikuwa imeshapigwa pasi. Saa nne alikuwa kwenye kiti cha marehemu, akisema ni kwa ajili ya kukilinda. Bendera ikashushwa nusu mlingoti. Redio ikaacha wimbo wa afya na kupiga nyimbo za msiba.

Marehemu alifika kazini saa tano, maana hakuwa mtu wa kuamka mapema. Askari wa getini alimpigia saluti na kumpa pole.

"Samahani, Mheshimiwa. Marehemu haingii bila kibali cha waziri."

"Waziri ni mimi."

"Waziri yuko ndani, Mheshimiwa."

Kulikuwa na njia ya kujisafisha, na Makole aliitunga mwenyewe kwa ajili ya kuwanasa wadanganyifu. Mtu aliyeandikwa kimakosa husimama mbele ya ubao, mbele ya mashahidi watatu na wananchi, akanywa glasi moja ya cheo chake. Akinywa, yu hai. Makole aliposikia hivyo alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaagiza glasi yake iletwe kutoka jikoni kwake. Lakini Kahindi alisema kwamba jambo zito namna hii linahitaji glasi safi, akatuma gari lake mpaka Kiwanda cha Taifa, likarudi na mvinyo ukiwa na lakiri.

Saa tisa uwanja ulikuwa umejaa. Watu wawili waliibeba glasi na kumshikisha. Aliinusa. Nilimwona anatambua kwamba haikuwa ukwaju.

Akasimama hivyo. Dakika zikapita. Kutoka nyuma ya umati mtu fulani akasema kwa upole, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Jikaze, mzee, ni dawa." Mwingine akasema moja tu. Mwingine akasema kwa kiasi. Sauti zikaenea uwanja mzima, laini, za kutia moyo, na ndani yake mlikuwa na miaka ishirini na mitatu ya saa kumi jioni.

Bi Tunsume alitoka mbele akasimama karibu naye.

"Kunywa, Mheshimiwa. Mume wangu alikunywa miaka ishirini na mbili na hakuuliza swali."

Makole akasema kitu kwa sauti ya chini. Shahidi wa kwanza, ambaye kazi yake ni kuandika kila neno la mtuhumiwa, akamwomba arudie.

"Siwezi," alisema. "Itaniua."

Shahidi akaandika. Kisha, kama taratibu zinavyotaka, akawageukia wananchi wa kulia, wa kushoto na wa mbele, akawasomea mara tatu: siwezi, itaniua. Nisiwafiche, niliifurahia kila mara ya hizo tatu, na ningependa uwanja ungekuwa na pande nyingi zaidi.

Sijui ni aibu au ni kiburi, lakini baada ya kusomewa maneno yake aliinua glasi hadi mdomoni. Bi Tunsume akaweka kiganja juu ya glasi, akaisukuma chini. Mvinyo ukamwagikia viatu vya marehemu.

"Sitaki ufe," alimwambia. "Kufa ni rahisi, mume wangu amekufa. Nataka uishi, uwe unapita hapa kila asubuhi na kulisoma jina lako, kama nilivyolisoma la kwake."

*

Kesho yake niliitwa wizarani. Waziri Kahindi alikuwa na toroli jipya, na chumba kilinukia ukwaju.

Alinieleza kwamba Baraza limekaa. Marehemu Makole atatangazwa amefariki kwa kuchapa kazi kupita kiasi, na ataagwa kwa heshima zote bila kuwepo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapelekwa Gereza Kuu kwa mapumziko ya afya, wa kwanza kufaidika na mpango wake. Wananchi waliokuwepo uwanjani wangetangaziwa redioni kwamba hawakusikia. Lakini waziri hawezi kuonekana kati ya wazembe, kwa hiyo Makole anatakiwa atoke nafasi ya kumi na saba.

"Mrudishe yule mwalimu," alisema. "Mambo yawe kama yalivyokuwa. Na wewe tunakufanya mkurugenzi."

Nikamwambia nimeahidi kwamba harudi.

Hakukasirika. Aliniuliza nimemwahidi nani, nikamjibu mkunga, akaangalia dari kama mtu anayehesabu wakunga wana kura ngapi. Kisha akanikumbusha kwamba nafasi haiachwi wazi, na kwamba jalada la vyeti limechukuliwa kufanyiwa ukarabati wa kudumu. Akaniuliza nina jina gani lingine. Alikuwa na haki ya kuuliza. Cheti namba 0002 kilikuwa chake, na sasa ushahidi ulikuwa umebaki kichwani mwangu peke yake.

Nilifikiria kwa makini, kwa sababu napenda kanuni zifuatwe. Ubao unataka mtu aliyekataa glasi. Nilijua mmoja tu asiye na cheti wala ugonjwa. Glasi yake ya Jumatatu saa kumi ilibaki mezani imejaa, inzi wakaogelea humo.

Nilirudi uwanjani na mafuta ya taa na brashi. Nikamfuta Makole, nikaandika: SONGORO, MTAKWIMU. ALIKATAA GLASI. Kati ya majina yote niliyowahi kuyapaka rangi pale, hilo lilikuwa la kwanza kuwa kweli.

Tangu hapo mimi ni marehemu. Shahada yangu imerudishwa chuoni, maana ni mali ya mtu aliye hai. Chumba changu amepewa mtakwimu mwingine, naye amehitimu kwa daraja la kwanza. Mama yangu alipokea barua ya rambirambi yenye muhuri, na hata ninapompigia simu hajaamua kama aiamini barua au sauti yangu. Kwa upande mwingine, marehemu haitwi tena ofisini, na hana haraka. Yale majina ishirini na tisa mengine ninayakumbuka yote, kwa mpangilio walivyoketi.

Siku ile nilikuwa bado nimesimama pale, rangi haijakauka, mtu mmoja alipofika na baiskeli akihema. Akasimama mbele ya ubao. Alisoma kwa kidole kuanzia nafasi ya kwanza hadi ya arobaini, akarudia tena kuanzia chini, kuhakikisha. Kisha akavuka uwanja hadi mlangoni kwa Bi Tunsume na kubisha hodi.

Mkunga alitoka na mkoba wake. Mtu yule akamwambia mke wake ameanza uchungu tangu alfajiri, apande baiskeli wamwahi. Alipokuwa akimfutia kiti cha nyuma kwa shati lake, aliuliza huyu Songoro ni nani, mbona rangi bado mbichi.

Bi Tunsume alinitazama kutoka kule.

"Pole na msiba, mwanangu," alisema.

"Nimeshapoa, mama."

Akapanda. Wakaondoka. Kengele ya saa kumi ikalia, uwanja mzima ukasimama tuli na glasi zikatolewa, isipokuwa baiskeli ile iliyoendelea kwenda, nami niliyebaki na brashi mkononi, bila kuletewa kitu.